Jina la Binti Yangu

Mke wangu alipojifungua mtoto mwanamke, uchungu ulimshika siku mbili, hata tukakata tamaa. Mungu akatujalia, wakapona wote wawili. Siku ya saba mama yangu akaja, akampakata mtoto, akanena, "Huyu ni somo yangu. Ataitwa Tabu."

Ninyi mnajua desturi zetu. Mtoto wa tatu huitwa Tatu, aliyezaliwa usiku huitwa Chausiku, na aliyezaliwa katika dhiki huitwa Mashaka, au Shida, au Tabu. Tena mjukuu kurithi jina la bibi yake ni heshima kubwa. Basi nikanyamaza, lakini moyo wangu haukutulia. Nimewaona wasichana wenye majina hayo wakiinamisha vichwa asubuhi niitapo majina, na wenzao wakicheka.

Mke wangu alipenda Maria. Lakini darasani mwangu walikuwamo Maria wanne, nikimwita mmoja huitika wote. Mimi nilitaka jina fupi, lisilo la watu wengi, lenye maana njema. Nikachagua Tunu, yaani kitu cha thamani apewacho mtu.

Usiku nikamwendea mama, nikaketi karibu naye, nikamwambia, "Mama, kule Fumba, Unguja, alizaliwa mtoto mwanamke akaitwa Mtumwa. Alipokua akawa mwimbaji hodari, na watu wakamwita Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri. Sifa zake zimeenea kwa jina la Siti binti Saad, wala si kwa jina la Mtumwa. Mama, nakuomba, mtoto huyu tumpe jina jema tangu mwanzo."

Mama akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mwanangu, wajua kwa nini mimi niliitwa Tabu? Mama yangu alikufa siku ile niliyozaliwa. Kila aliyeniita alinikumbusha. Nilitaka mtoto alichukue jina langu ili nisisahauliwe. Sikufikiri uzito wake."

Nikaona haya sana. Miaka arobaini na zaidi nilikuwa mwanawe, wala sikuwahi kumwuliza habari hiyo.

Kulipopambazuka, mama mwenyewe akamwinua mtoto, akamwita, "Tunu!" Lakini alinitaka ahadi moja: mtoto atakapopata akili, nimweleze jina la bibi yake na sababu yake. Nikaahidi, na ahadi hiyo nimeitimiza.

Sasa Tunu ajua kuandika. Kwanza huandika jina lake, na chini yake huandika Tabu. Yote mawili yana herufi nne, naye huyaandika kwa uangalifu ule ule.

Nanyi, wanafunzi wangu, mkirudi nyumbani leo, waulizeni wazee wenu majina yao yalitoka wapi. Msikawie kuuliza kama nilivyokawia mimi.