Senti za Watoto na Shule ya Attawapiskat



Sisi mafrateri tunaokwenda parokiani kila Jumamosi kuwalea watoto wa Utoto Mtakatifu tunazifahamu sadaka zao. Mmoja analeta sarafu ya shilingi mia iliyolowa jasho la kiganja. Mwingine analeta mayai mawili, mwingine kikombe cha maharage. Wanaimba, wanatoa, wanarudi kukaa. Kisha hakosi mmoja wa kuuliza: "Frateri, huyo mtoto tunayemsaidia anaitwa nani?"

Jibu jepesi ni kusema "ni watoto maskini wa mbali", kisha wimbo unaofuata ukaanzishwa. Lakini swali lenyewe ni zito kuliko anavyojua aliyeliuliza. Tumelichukua hadi seminarini, tukalizungumza jioni kadhaa, na hapa tunawashirikisha ninyi, waseminari wenzetu na waamini wa parokia zetu, kile tulichokipata.

Shirika la Utoto Mtakatifu lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa. Aliwaomba watoto mambo mawili tu: Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa nchi za misheni. Kwetu Tanzania hii si habari ya watu wengine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliokombolewa kutoka utumwani walitunzwa kwa sehemu kwa fedha za shirika hilo. Watoto wa Ulaya walitoa senti zao, na watoto wa huku wakala, wakalala mahali salama na kusoma kwa senti hizo. Wanahistoria wanatukumbusha pia kwamba maisha ya misheni ile yalipangwa na wakubwa, na watoto wenyewe hawakuulizwa sana wanataka nini.

Mambo hayo mawili, yaani senti iliyotolewa kwa upendo na mtoto ambaye hakuulizwa, ndiyo yaliyotufanya tusome habari za binti mmoja wa Kanada.

Kaskazini mwa jimbo la Ontario, karibu na ghuba ya James Bay, kuna kijiji cha wazawa wa kabila la Cree kiitwacho Attawapiskat. Hakuna barabara ya mwaka mzima ya kufika huko. Watu husafiri kwa ndege, na wakati wa baridi kali magari hupita kwa muda mfupi kwenye barabara ya barafu. Mwaka 1979 mafuta ya dizeli yalivuja chini ya shule ya msingi ya kijiji hicho. Kwa miaka mingi watoto na walimu waliendelea na masomo juu ya udongo huo, wakilalamikia harufu na maumivu ya kichwa, mpaka shule ilipofungwa mwaka 2000. Watoto wakapewa madarasa ya muda, mabanda ya kuhamishika yaliyowekwa jirani na uwanja ule ule wenye sumu. Kutoka banda moja kwenda jingine mtoto alilazimika kuvaa koti na kutoka nje kwenye baridi. Miaka ilipopita, milango haikufunga tena sawasawa na panya wakaingia. Ahadi ya shule mpya ilitolewa, haikutimizwa, ikatolewa nyingine.

Shannen Koostachin, aliyezaliwa mwaka 1994, alikua akisoma katika mabanda hayo. Mwishoni mwa mwaka 2007 serikali ilisema kwamba hakuna fedha za kujenga shule. Yeye na wenzake wakawaandikia watoto wa sehemu nyingine za Kanada kupitia intaneti, wakiwaomba nao waiandikie serikali, na barua zikaanza kumiminika. Darasa lao la nane lilikuwa limejiandaa kwa safari ya kumaliza shule kwenda kuona maporomoko ya Niagara Falls. Waliiacha safari hiyo, na fedha wakazitumia kwenda mji mkuu, Ottawa, kuonana na waziri mhusika. Mei 2008 wakaketi mbele yake, naye akawaambia kwamba shule yao haimo katika mipango. Shannen, akiwa na miaka 13, alimjibu kwamba angetamani kuwa na darasa zuri kama ofisi ile, na kwamba wao hawatakata tamaa.

Tulipofika hapo tulimkumbuka yule mvulana wa Injili ya Yohane, mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Hatuambiwi jina lake wala kama alikuwa na njaa. Tunajua tu kwamba chakula kilikuwa chake. Nao watoto wa Attawapiskat walitoa kitu kilichokuwa chao. Kwa mtoto wa kijiji kisichofikika kwa barabara, kuyaona maporomoko yale ni jambo la kusimulia maisha yake yote.

Mwenzetu mmoja aliuliza swali la haki kabisa: Kanada ni nchi tajiri, na huku kwetu wapo watoto wanaokaa sakafuni darasani, kwa hiyo habari hii inatuhusu nini? Tulilijadili sana. Mwishowe tuliona kwamba utajiri wa nchi ile ndio unaofanya habari hii itufundishe. Fedha zilikuwepo. Watoto wa miji ya Ontario walikuwa na shule zenye joto, maktaba na viwanja. Mtoto wa Attawapiskat alikosa kwa sababu alikuwa mbali, na kwa sababu alikuwa mtoto wa wazawa, ambao nchi ilikuwa imezoea kuwapangia bila kuwasikiliza. Shannen hakwenda Ottawa kuomba huruma. Alikwenda kudai kile ambacho mtoto mwingine wa nchi hiyo hiyo alikipata bila kukiomba.

Baada ya darasa la nane aliondoka kijijini kwenda kusoma sekondari mbali na nyumbani. Mwaka 2010 alifariki katika ajali ya gari, akiwa na miaka 15. Vijana wenzake waliiendeleza kazi yake kwa jina la Ndoto ya Shannen. Februari 2012 Bunge la Kanada lilipitisha kwa kauli moja hoja ya kutaka watoto wa Mataifa ya Kwanza wapate elimu yenye hadhi sawa na ya wenzao. Mwaka 2014 shule mpya ikafunguliwa Attawapiskat, miaka 14 baada ya ile ya kwanza kufungwa. Yeye mwenyewe hakuiona.

Kuna jambo lingine ambalo sisi tunaojiandaa kwa upadre hatuwezi kuliruka. Kabla ya mabanda yale, watoto wengi wa Attawapiskat walichukuliwa kwa wazazi wao na kupelekwa bweni la St. Anne's huko Fort Albany, shule iliyoendeshwa na mapadre na masista Wakatoliki. Humo watoto walikatazwa lugha yao, na wengi waliteswa. Polisi wa Ontario walichunguza katika miaka ya 1990, na baadhi ya waliokuwa wafanyakazi wa shule hiyo wakatiwa hatiani. Katika Kanada nzima watoto wapatao 150,000 walipitia shule za bweni za aina hiyo. Julai 25, 2022, huko Maskwacis, Papa Fransisko aliomba msamaha mbele ya wazawa kwa maovu waliyotendewa na Wakristo.

Na hapo tena yupo mchango. Katika makubaliano ya mwaka 2006, taasisi za Kikatoliki za Kanada ziliahidi kujitahidi kukusanya dola milioni 25 kwa ajili ya uponyaji wa wazawa. Zilizopatikana hazikufika milioni 4. Mwaka 2021 maaskofu wa huko waliahidi upya, safari hii dola milioni 30. Tuliposoma tarakimu hizo tulikaa kimya kidogo. Darasa moja la watoto lilikuwa na safari moja tu, likaitoa yote.

Basi tumjibu nini yule mtoto wa Jumamosi? Tumekubaliana kwanza kutomwambia tena "watoto wa mbali". Tutamtajia mahali, tutamwonyesha kwenye ramani, na tutamwambia watoto wa pale wanasema wanahitaji nini. Kama hatujui wanachosema, tutatafuta kujua kabla ya kupitisha kapu. Mtu anaweza kumjengea mtoto bweni zuri na kumnyang'anya lugha ya mama yake humo humo, huku akiamini anamsaidia. Waliofanya hivyo walikuwa na imani kama yetu na mavazi kama tunayotamani kuvaa.

Pili, tutawafundisha watoto kwamba kutoa na kudai haki havigombani. Senti ya mtoto inanunua daftari, lakini haiwezi kufanya kazi ya mwenye wajibu wa kujenga shule. Pale ambapo mtoto amenyimwa kilicho haki yake, sisi wakubwa wa parokia tunapaswa kusimama naye na kuuliza kwa heshima mbele ya anayehusika. Mchango usigeuke kuwa njia ya kulikwepa swali hilo.

Tatu, tuanzie karibu. Hata hapa kwetu wapo watoto ambao shule iko mbali nao kwa kilomita na kwa desturi: watoto wa Wahadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi, watoto wa wafugaji wanaohama na mifugo. Parokia inayotaka kuwasaidia itume kwanza watu wa kwenda kukaa nao na kuwasikiliza wazazi wao, ndipo itangaze harambee.

Siku moja, Mungu akipenda, kapu la sadaka la watoto litakuwa chini ya mamlaka yetu, na hesabu yake itasomwa kwa sahihi zetu. Tunawaomba mtuombee tusije tukawa mapadre wanaojua kiasi kilichopatikana bila kujua kilikwenda kwa nani. Na katika Salamu Maria ya kila siku ya watoto wetu, tumwombee pia marehemu Shannen, apumzike kwa amani, pamoja na watoto wa Attawapiskat wanaoingia leo katika shule aliyoidai.