Nilivyopinga Tathmini ya Nyumba Yangu Mwenyewe

Dada zangu, leo mapishi na udi tuviweke kando, tuzungumze kodi ya majengo. Sisi tuliotoka visiwani tukahamia Texas hushtuka kuona kodi hii ilivyo nzito. Jimbo halitozi kodi ya mapato, hivyo shule na serikali za mitaa hutegemea sana majengo.

Aprili barua ilinifika: thamani ya nyumba yangu imepanda kutoka dola 268,000 hadi 294,000. Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, mshahara ni mmoja na watoto ni watatu. Na kodi isipolipwa, nyumba inaweza kuuzwa. Jirani alinishauri nitafute kampuni, ambayo ingechukua sehemu ya pesa itakazoniokolea. Nikasema, ngoja nijaribu mwenyewe.

Kuweka pingamizi ni bure. Mwisho huwa Mei 15, au siku 30 tangu barua itumwe, ikiwa hizo zinafika mbele zaidi. Kwenye fomu nilitia alama sababu mbili: thamani imezidi bei ya soko, na nyumba yangu imekadiriwa juu kuliko zinazofanana nayo. Niliomba pia ushahidi ambao ofisi ingeutumia. Sheria inawataka wautoe angalau siku 14 kabla ya kikao.

Kumbe nyumba walizolinganisha na yangu zilikuwa zimekarabatiwa. Yangu ina nyufa za msingi, maana udongo wa huku ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Nikapiga picha. Fundi akaniandikia gharama za matengenezo. Kisha nikachapisha thamani za nyumba tano za mtaani zenye ukubwa na umri kama wa yangu. Ziko wazi kwenye tovuti ya ofisi.

Mthamini aliniita kwanza kwa mazungumzo, akashusha hadi 286,000. Nilimshukuru, nikakataa. Nikaenda mbele ya bodi, ambayo wajumbe wake ni wananchi, si waajiriwa wa ofisi ile. Pale unaapishwa, na kiapo si mchezo. Ufa niliueleza kama ulivyo, bila kutia chumvi.

Ujane wangu sikuutaja. Si kwamba niliona haya, bali bodi haipimi uwezo wako wa kulipa wala machozi yako; inapima thamani ya nyumba tu. Ukilalamika kuwa kodi ni kubwa, watakusikitikia na watakuacha hapo hapo. Ukiwawekea karatasi mezani, watazisoma.

Alhamdulillahi, waliamua 275,000. Kwa kiwango cha kwetu, karibu senti 2 kwa kila dola, nimeokoa kama dola 380 kwa mwaka. Ni viatu na madaftari ya wanangu.

Shoga yangu, Kiingereza chako cha kukatakata kisikutie hofu. Unaweza kuomba mkalimani. Barua ikifika, ifungue siku hiyo hiyo, uhesabu siku zako. Kudai haki yako kwa adabu na kwa ukweli si ugomvi.