Sili wa Denmark, Rika la Matema

Kutoka Tukuyu barabara inateremka katikati ya mashamba ya chai, na kwa kila kona joto linapanda. Ukifika Kyela, koti ulilolivaa Mbeya alfajiri limeshakuwa mzigo. Ipinda nilibadilisha gari, nikaenda hadi Matema, pale ufuo wa Ziwa Nyasa unapogongana na milima ya Livingstone. Wanawake wa Kikisi walikuwa wakishusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi.

Baba wa mwenyeji wangu alifanya kazi kwenye meli za Itungi. Sasa anasahau. Anauliza kama MV Songea imeshatia nanga, anajibiwa, na chai haijapoa anauliza tena. Anayemjibu ni mjukuu wake wa darasa la nne: "Bado, babu." Husema hivyo kila mara kana kwamba swali ni jipya. Mke wa mwenyeji yuko uani muda wote, ila hamkaribii mzee. Ni mkwe, na desturi haimruhusu kumkaribia baba mkwe. Chakula cha mzee anakipika yeye, kinapelekwa na mtoto.

Nikimtazama nilikumbuka nyumba ya wazee niliyoitembelea miaka kadhaa nyuma katika mji mdogo wa Denmark. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, sakafu inang'aa, na ukumbini watu wameketi bila kutazamana. Ndipo mhudumu alipomleta Paro, roboti mwenye umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini, manyoya meupe, uzito karibu kilo 3. Alibuniwa Japani na Takanori Shibata, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1993. Ukimpapasa hufumba macho, ukimwita hugeuza kichwa. Shibata alichagua sili kwa sababu ya akili kabisa: paka na mbwa watu wanawajua, kwa hiyo wa bandia huonekana wa bandia mara moja. Sili nani amewahi kumfuga?

Bibi aliyempakata alianza kumbembeleza. Jirani yake akataka zamu. Wakabishana. Kwangu huo ubishi ulikuwa na thamani kuliko manyoya, maana asubuhi nzima hawakuwa wamesemeshana.

Watafiti wa Australia waliwahi kuwapima wazee 415 wenye ugonjwa wa kusahau, katika nyumba 28. Wengine walipewa Paro anayefanya kazi, wengine Paro aliyezimwa, wengine hawakupewa kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2017: aliyewashwa aliwafanya wazee waongee zaidi, lakini katika kutuliza fadhaa hakumshinda aliyezimwa. Bei yake ni kama dola 6,000, zaidi ya shilingi milioni 14. Hapa Matema ukitaja kiasi hicho watakuuliza ni ng'ombe wangapi.

Lakini Wanyakyusa, wenyeji wa huku, walishawahi kuwa na utaratibu wao wa kuwaweka watu wa umri mmoja pamoja. Godfrey na Monica Wilson waliishi nao miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akachapisha Good Company, kitabu kuhusu vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kama 10 walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao. Hapo hapo walikua, wakaoa, wakazeeka wakila pamoja. Sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo ya mkwe: baba akae mbali na wake za wanawe. Sisemi ilikuwa pepo. Kizazi kilipokabidhi madaraka, wazee walisogezwa pembeni na ardhi ikagawanywa upya, na sehemu ya heshima yao ilitokana na hofu ya hasira zao.

Hata hivyo mzee wa zama zile aliyepoteza kumbukumbu alizungukwa na watu waliozibeba kumbukumbu zake. Nyumba ya Denmark huwakusanya wa rika moja wasiojuana, kisha hununua sili ili wapate la kuzungumza. Matema desturi ya mkwe imebaki, kijiji cha rika hakipo. Mtoto akienda shule, mzee anakosa mtu wa kumjibu.

Makazi ya wazee ya serikali, kama Kolandoto na Njoro, yamekusudiwa wasio na ndugu. Huyu ana ukoo mzima. Kilichonivutia zaidi kiko Hai, Kilimanjaro, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta ugonjwa wa kusahau kwa watu 6.4 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Huko walijaribu tiba ya vikundi: wazee wachache wanakutana mara 14 katika wiki 7, wanaimba, wanacheza, wanasimulia. Mimi naona ni rika lililoundwa upya na wataalamu.

Mwenyeji wangu hajasikia habari za Hai. Yeye humleta kwa bodaboda mzee mmoja wa Ipinda aliyefanya kazi na baba yake melini. Wakikutana hubishana majina ya manahodha, na swali la Songea linapata watu wawili wa kulijadili. Nauli analipa yeye, kwenda na kurudi. Masika, mito ikifurika, bodaboda hazipiti. Miezi hiyo amemwomba binti yake aliyeolewa Mwaya aje kukaa na babu yake saa za shule.