Kravati chumbani: safari ya Bacongo

Wiki hii tunawavusha mto. Kutoka Beach Ngobila, Kinshasa, boti ya kasi inafika Brazzaville kwa dakika chache tu. Tulikwenda mtaa wa Bacongo, nyumbani kwa Sape, kuwaona wanawake wanaovaa kama wasapeur wa kiume: suti, kravati, kofia, wengine na kiko mdomoni.

Tuliwaomba foto. Hakuna aliyelaza kichwa begani wala kuangalia chini kwa haya, kama tunavyopangwa studio. Mmoja alitupokea chumbani kwake. Badala ya nguo ya kulalia na wigi, alikaa pembeni ya kitanda katika suti yake, akafungua koti ili bitana nyekundu ionekane, akatukazia macho. Alikuwa mrembo, jamani!

Wapo watakaosema mwanamke wa namna hiyo amepoteza heshima. Lakini mabibi zetu wanakumbuka: wakati wa Mobutu, siasa ya Otantisite iliwakataza wanaume kravati, na wanawake suruali na wigi. Kumbe hata hiyo wigi, leo ya lazima kwenye foto, jana ilikuwa aibu.

Jambo moja tu: foto ya chumbani ipigwe na mtu unayemwamini, na aifute kwenye simu yake mbele ya macho yako.

Mama mmoja wetu amekwisha kutoa suti ya marehemu baba yake sandukuni. Fundi anaipunguza mikono.