Amina hakufika arobaini



Mlioniandikia kuniuliza nimepotelea wapi, niko Zagayu. Zagayu ya Itilima, mkoa wa Simiyu, wilaya iliyokuwa ndani ya Bariadi kabla ya mkoa huu kuundwa mwaka 2012. Bwana wangu kahamishiwa huku kikazi nami nikafunga mizigo. Sie tuliozoea kulala tukisikia bahari, huku tunalala tukisikia ng'ombe. Asubuhi naamkiwa "Mwangaluka" na mie najibu vivyo hivyo, na kwa michembe na chai nimeshakuwa Msukuma kamili. Waislamu si wengi, kwa hivyo tunajuana wote, na harusi ikitokea inakuwa ya kila mtu. Harusi zenyewe husubiri pamba iuzwe, maana hapo ndipo pesa ilipo.

Msimu huu tunaye mwali mmoja, na mimi ndiye niliyeombwa niwe somo wake. Babake ana duka hapa, mamake ni Msukuma aliyesilimu. Ana miaka ishirini na tatu, kasomea ualimu, na ndiye katibu wa vikoba vya kina mama. Ukimuona siku ya gulio utadhani ni mzee wa baraza: huyu kadhulumiwa kwenye mizani, yule kagombana na jirani kwa shamba, wote wanamkimbilia yeye. Ng'ombe zimeshapokelewa kama mila inavyotaka, na mahari yake kayataja mwenyewe: msahafu na cherehani. Nilimpenda siku ile ile.

Tatizo ni kuwa mwali wetu anataka udiwani, viti maalumu, katika halmashauri ya Itilima. Basi akaja kwangu shangazi wa bwana harusi, mama wa heshima zake, na kanga mbili za zawadi. Baada ya chai akaniambia: "Bi mdogo, wewe ndiye somo wake, atakusikiliza. Mwambie aache hizo siasa. Siyo milele. Azae kwanza, alee, kisha akifika arobaini aingie. Mama Samia si alifanya hivyo?"

Nasema kweli, hoja ile si ya kudharau, na mimi mwenyewe niliitafakari siku mbili. Mama Samia Suluhu Hassan kazaliwa Kizimkazi Januari 1960, kaolewa 1978 na Mzee Hafidh Ameir, kasoma na kufanya kazi huku akilea, na siasa za uchaguzi kaingia mwaka 2000, akiwa na miaka arobaini, kwa viti maalumu katika Baraza la Wawakilishi. 2010 akawa mbunge wa Makunduchi. Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais. Mumewe humuoni magazetini hata kwa bahati mbaya. Sisi wa visiwani tukitaka mfano wa mke aliyefika mbali bila nyumba kuvunjika, tunaanzia hapo, na tuna haki.

Lakini mwali naye ana simu. Alinionesha video ya Zarah Sultana, binti wa Kiislamu wa Uingereza, aliyechaguliwa ubunge wa Coventry South Desemba 2019 akiwa na miaka ishirini na sita, akisimama bungeni kwao kueleza matusi anayotumiwa kwa sababu ya dini yake. Akanambia na wa Scotland yupo, Mhairi Black, aliyeingia 2015 ana miaka ishirini tu. (Huyo kwetu katiba isingemruhusu, sie tunataka ishirini na moja.) "Sasa mama mdogo, hawa kwao wanaweza. Kwetu yupo?"

Nikamwambia yupo. Alikuwepo. Amina Chifupa.

Hakuwahi kulisikia jina hilo. Nikashangaa, kisha nikapiga hesabu: Amina alipofariki, mwali wangu alikuwa hata skuli hajaanza. Nadhani na wengi wenu mnaosoma hapa ni hivyo hivyo.

Amina kazaliwa 1981. Wengi walimjua kwanza kwa sauti, alikuwa mtangazaji wa Clouds FM, redio ya vijana wa Dar es Salaam wakati ule. Baada ya uchaguzi wa 2005 akaingia bungeni kwa viti maalumu kupitia umoja wa vijana wa CCM. Alikuwa na miaka ishirini na nne, Muislamu, mke wa mtu, na mama. Fikiria lile Bunge la tisa: Spika ni Samuel Sitta, Waziri Mkuu Edward Lowassa. Ukiwatazama wa huku tulipo, Bariadi Mashariki ni Mzee John Cheyo wa UDP, Magharibi ni Andrew Chenge wa CCM. Watu wazima waliokwisha kula chumvi nyingi. Katikati yao kaketi binti wa redio.

Watu huwadharau wabunge wa viti maalumu, husema wamepewa tu. Mimi huliona jambo jengine. Mbunge wa jimbo akiandamwa ana watu wake nyuma, wapiga kura waliomsimamisha juani. Mbunge wa viti maalumu hana kijiji kinachosema "huyu wetu." Ana chama kilichompendekeza na ana familia yake. Basi. Akisema neno zito, analibeba karibu peke yake.

Na Amina neno lake lilikuwa zito. Alichagua dawa za kulevya. Hakuwasema mateja wanaoanguka vichochoroni, hao kila mtu anawasema. Aliwasema wanaoingiza unga, wenye fedha na majina, na akatamka bungeni kuwa yuko tayari kuwataja. Nyinyi wa Unguja mnajua unga umetufanyia nini. Hakuna mtaa Mji Mkongwe au Ng'ambo usio na mama aliyeuza dhahabu zake mwenyewe kumnusuru mwana, akaibiwa na mwana huyo huyo hata masufuria. Leo tunazo nyumba za upataji nafuu, na tangu 2015 kuna sheria mpya iliyounda mamlaka kamili ya kupambana na dawa hizi. Februari 2017 nchi nzima ilikuwa ikizungumzia majina ya watuhumiwa. Ila 2006 binti wa miaka ishirini na tano kusimama na kuligusa lilikuwa jambo la kutisha, na wakubwa wengi walikaa kimya.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniuma. Badala ya kuzungumza alichokisema, watu walimzungumza yeye. Mavazi yake, nywele zake, ndoa yake. Mambo ya chumbani kwa watu yakawa habari za magazeti, na sisi wanawake ndio tuliokuwa wanunuzi wazuri. Kwenye saluni, kwenye maulidi, kwenye misiba, kila mahali Amina. Ndani yake yapo mengi yaliyosemwa ambayo siyarudii hapa, kwa sababu ghiba ya maiti ni ghiba, na yeye hawezi kuamka kujitetea.

Tarehe 26 Juni 2007, Bunge la bajeti likiwa linaendelea Dodoma, Amina akafariki Dar es Salaam, katika hospitali ya jeshi ya Lugalo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Ubunge wake wote haukutimia miaka miwili. Allah amrehemu, amghufirie, alipanue kaburi lake.

Mwali alinyamaza kwa muda. Nilitegemea ataniuliza kuhusu uvumi, kama wanavyouliza wote. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Angengoja afike arobaini?"

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea shangazi. Kusubiri ni shauri zuri kwa mwenye uhakika wa umri, na huo hatuna hata mmoja wetu. Mama Samia alipewa miaka yake na Mola akaipanga vile. Amina alipewa ishirini na sita, na kile alichokitumia kusema lile neno kilikuwa karibu chote alichokuwa nacho. Angengoja, tusingekuwa na la kumkumbuka bungeni.

Hilo halina maana kuwa kila biharusi aende akachukue fomu. Mimi siwezi, nikishika maikrofoni hata ya arusi natetemeka. Nazungumza na yule ambaye moyo wake tayari uko huko. Kwa huyo, swali langu kama somo si "uache au usiache," bali "bwana harusi kalijua hili kabla ya akdi, au utamshtukiza?" Maana nimeona ndoa za namna hiyo. Msichana anaficha, anasema nitamlainisha tukishaoana. Mume naye ananyamaza, anasema ataacha akishazaa. Wote wawili wamedanganyana kwa tabasamu, na mkutano wa kwanza wa usiku ndio unaofichua.

Kuhusu kuweka sharti ndani ya akdi, wanavyuoni wamekhitalifiana. Mahanbali wana wasaa zaidi, sisi Mashafi tuna ugumu wake, kwa hivyo muulizeni sheikh wenu wala msinitegemee mimi. Lakini kukaa na kuambizana ukweli mbele ya wazee hakuna madhehebu yanayokukataza.

Basi tukakaa. Nyumbani kwa babake, uani, chini ya mwarobaini, baada ya Alasiri. Babake mwali, bwana harusi na kaka yake, shangazi, mimi na bwana wangu. Mwali mwenyewe kaeleza kwa heshima, macho chini lakini sauti haitetereki: anataka nini, kwa nini, mikutano ni mingapi, kura za viti maalumu zinapigwaje ndani ya chama. Akataja na kisima cha kina mama ambao wanafuata maji mbali kiangazi.

Shangazi akauliza la msingi: "Na usiku wa mkutano Lagangabilili, arudi na nani? Kwa bodaboda ya nani?"

Msicheke. Hilo ndilo swali lenyewe. Huku si Darajani, makao ya halmashauri hayako hatua mbili, na jina la mwanamke huchafuka kwa bodaboda moja ya saa nne usiku. Amina mwenyewe nadhani alihitaji zaidi ya ujasiri. Alihitaji watu wa kusema "alikuwa na sisi."

Kaka wa bwana harusi akasema ana pikipiki, atampeleka mkewe mwenyewe afuatane na mwali, kisha atawafuata. Babake akasema mafuta juu yake mpaka pamba ya mwakani. Bwana harusi alikuwa kimya muda wote, anachora vumbi kwa kijiti. Nikadhani amekasirika. Mwishowe akamuuliza mwali, si sisi: "Ukishindwa, utanilaumu mimi?" Mwali akasema hapana. "Na ukishinda, wakikusema vibaya, niwajibu au ninyamaze?" Akamjibu: "Njoo ukae mbele kwenye mkutano, watakuona."

Shangazi hakuridhika, na bado akiniona gulioni ananisalimia kwa ncha ya mdomo. Kanga zake nilimrudishia, akazikataa, kwa hivyo zipo na nitazivaa siku ya harusi tuone.

Akdi ni Ijumaa ya mwezi ujao inshaallah, baada ya swala. Nguo ya biharusi ni ya kijani, mtandio umetoka Unguja kwa basi siku tatu, na piko nimeagiza kwa dada yangu maana la hapa silijui. Mwenye kujua mshonaji mzuri Bariadi mjini aniandikie.