Kijisanduku cha Umeme Kilwa Masoko

Mabasi ya Kilwa huondoka Mbagala alfajiri, na abiria wa kusini wana mizigo. Mimi nilikuwa na mkoba wa nguo, unga wa lishe, na kijisanduku kidogo nilichokataa kukitia kwenye buti. Nilikipakata mapajani mpaka mwisho wa safari.

Kilikuwa cha mdogo wangu, mwalimu huko Kilwa Masoko, aliyebakiza wiki mbili ajifungue mtoto wa pili. Uzazi wake wa kwanza, katika mji mwingine nisioutaja, ulimwachia jeraha lisiloonekana. Alilala peke yake usiku kucha, na kila alipolia aliambiwa anyamaze. Mimba hii ilipoingia mwezi wa sita akanipigia simu. "Dada," alisema, "kuzaa siogopi. Naogopa ule usiku." Binamu yetu aliyeko Uingereza aliposikia, akatuma mashine aliyotumia mwenyewe, iitwayo TENS.

Barabara ya kusini ina historia yake. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, watu walikuwa wakisubiri kivuko pale Ndundu ili kuvuka Rufiji, na wakati wa masika njia ilikuwa mateso matupu. Hata leo mvua haijasalimu amri. Mei 2024, kilipopita kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara maeneo ya Somanga, na Lindi ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Tulipofika Somanga abiria walinunua samaki wa kukaanga kupitia madirishani. Mimi nilikuwa nikimwaza mama aliyeshikwa na uchungu siku zile, yuko upande usio na hospitali.

Tuliiacha barabara kuu pale Nangurukuru, tukafika Masoko jua likiwa kali. Mama mkwe wa mdogo wangu alinipokea mlangoni. Baada ya shikamoo na habari za safari nikafungua sanduku mbele yake: mashine ndogo ya kushikika kiganjani, nyaya nne nyembamba, na vibandiko vinne vinavyonata.

"Ina betri?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mnataka kumpiga mkwe wangu shoti akiwa katika uchungu?"

Tulicheka, lakini swali lake ni la haki, na najua wasomaji wengi watauliza vivyo hivyo. Vibandiko viwili hubandikwa mgongoni, kimoja kila upande wa uti, karibu na mkanda wa sidiria. Viwili vingine hukaa chini, juu kidogo ya makalio. Mashine hupitisha umeme mdogo sana katika ngozi, nawe unausikia kama wadudu wanaotambaa. Uchungu ukija, unabonyeza kitufe na msisimko unaongezeka, ukipita, unaupunguza. Hakuna sindano wala dawa.

Wazo lililo nyuma yake lilielezwa mwaka 1965 na wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall. Walisema kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu mfano wa mlango, na hisia nyingine, kama ile ya kusuguliwa, zaweza kuuegesha ili maumivu yasipite yote kwenda kwenye ubongo. Ndiyo sababu mtoto akijigonga goti unamsugua kabla hujafikiri. Miaka ya sabini huko Sweden walikwisha kuanza kuwatumilia wazazi mashine hizi.

Siku ya tatu nilivuka kwa mashua kwenda Kisiwani. Mgeni wa Kilwa asiyevuka hajafika. Ukishuka unaiona Gereza imesimama ufukweni, ndani zaidi Msikiti Mkuu na matao yake, na mbali kidogo, juu ya mwamba, Husuni Kubwa. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 akausifu mji huu. Mimi nilikuwa na mashine kichwani, nikamsimulia nahodha. Akasema, "Mbona sisi tunayo baharini?" Akanieleza juu ya samaki mmoja wa jamii ya taa, ambaye ukimkanyaga, ganzi inapanda mguu mzima. Baadaye nilikumbuka kwamba tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika karibu miaka elfu mbili iliyopita kuwa samaki wa namna hiyo awekwe kwenye mguu wenye jongo au kichwa kinachouma. Kumbe umeme wa kutuliza maumivu ulianzia majini.

Kule kisiwani nilizungumza na mama mmoja aliyekuwa akisuka ukili kivulini. Mtoto wake wa nne, alisema, uchungu ulimwanza usiku, upepo umechafuka, na ilibidi asubiri mtumbwi. "Maumivu nilikuwa nayo," alisema, "lakini sikuyasikia. Nilikuwa nasikiliza bahari."

Maneno yake yalinibadilisha mawazo juu ya kijisanduku chetu. Huko Uingereza mashine hii husifiwa kwa kuwa mama anaweza kukaa nayo nyumbani muda mrefu kabla ya kwenda hospitali. Lakini hospitali ile iko mtaa wa pili! Huku kwetu, mama wa Kisiwani ana bahari mbele yake, na mama wa Kitunda ana ghuba ya kuvuka ili afike Lindi mjini, kwenye hospitali ya mkoa ya Sokoine. Hata hospitali ya wilaya ya Kilwa, Kinyonga, iko Kivinje, si Masoko. Kitu kinachokufanya uchelewe kuondoka nyumbani ni hatari, hata kama kinapunguza maumivu.

Nikamwambia mdogo wangu wazi: uchungu ukianza tunaondoka, mashine itafanya kazi huko huko. Na kama kuna damu, au maumivu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, au kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, hakuna kubandika chochote, ni kukimbia. Tulikwenda pia kumwona mkunga kliniki. Aliigeuza mashine mkononi, akatukumbusha kwamba haifai kabla ya wiki ya 37, wala kwa mwenye betri ya moyo, wala majini. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza. Kisha akasema, "Sikatai. Ila mgongo mniachie na mahali pa mkono."

Uchungu ulianza Jumatano saa tano usiku. Bajaji ilikuja, tukaondoka. Kwa saa nne za mwanzo mdogo wangu alishikilia kile kitufe kama mtu aliyeshika usukani, akitembea ukumbini, akibonyeza, akipumua. Alisema maumivu yalikuwepo, lakini alikuwa na kitu cha kuyafanyia. Baadaye, uchungu ulipokaza, alivuta nyaya akasema ziondolewe, zinamkera. Mama mkwe akajipaka mafuta ya nazi mikononi akamkanda kiuno, na hakuondoka hapo mpaka mtoto akalia, alfajiri.

Nimesoma baadaye kwamba utafiti juu ya TENS haujathibitisha nguvu kubwa, ingawa akina mama wengi walioitumia walisema wangeitumia tena. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2014 ulisema wakunga wasiwape mashine hii wazazi ambao uchungu wao umekwisha kukolea. Hayo yanalingana na tuliyoyaona. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linataka mzazi awe na mtu wake wa karibu aliyemchagua, aruhusiwe kutembea, na akandwe akipenda. Nilimwuliza mdogo wangu ni lipi kati ya yote lililomsaidia zaidi. Akafikiri kidogo, mtoto akinyonya. "Kila nilipofumbua macho," alisema, "kulikuwa na mtu."

Mashine niliiacha Masoko. Juzi nilipopiga simu kuulizia hali, niliambiwa vibandiko vimeanza kuisha gundi, kwa sababu mama mkwe huvibandika gotini kila jioni baada ya kutoka shamba.