Sikukuu Walipewa, Vilima Bado

Ukiitazama kalenda ya Marekani, msomaji, utaona kwamba Jumatatu ya pili ya Oktoba ni Siku ya Columbus, yule baharia tuliyefundishwa shuleni kwamba "aligundua" bara ambalo tayari lilikuwa na wenyewe. Lakini jipate siku hiyo katika jimbo la South Dakota, nawe utaambiwa kwamba huko Columbus hana sikukuu. Tangu mwaka 1990, siku hiyo ni ya kuwaenzi wenyeji wa asili, wale ambao vitabu vyetu viliwaita Wahindi Wekundu.

Sikukuu hiyo ilizaliwa gazetini. Tim Giago, Mlakota wa Pine Ridge aliyeanzisha gazeti la Lakota Times mwaka 1981, alitumia kalamu yake kumtaka Gavana George Mickelson autangaze mwaka 1990 kuwa mwaka wa upatanisho na amwondoe Columbus katika kalenda ya jimbo. Mwaka huo yalikuwa yanatimia miaka 100 tangu mauaji ya Wounded Knee. Gavana akakubali, bunge la jimbo likapitisha, na Oktoba 8, 1990 sikukuu ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza. Sisi ambao Oktoba 10 yetu imewahi kuwa Siku ya Moi, ikawa ya Utamaduni na sasa ni ya Mazingira, tunajua kwamba kubadilisha jina la sikukuu si kazi ngumu sana.

Haya, twende tukaone yaliyo magumu.

Anzia mjini Rapid City, ushike barabara ya kuelekea kusini-magharibi. Muda si muda utaingia Black Hills, vilima vilivyofunikwa na misonobari minene hata ukiviona kwa mbali unadhani vimepakwa masizi. Walakota huviita He Sapa, na kwao ni mahali patakatifu. Mkataba uliotiwa sahihi Fort Laramie mwaka 1868 uliwahakikishia vilima hivyo. Mwaka 1874 kikosi cha Custer kikarudi na habari za dhahabu, na kufikia 1877 serikali ilikuwa imevitwaa.

Watalii wengi huja hapa kuona Mount Rushmore, zile nyuso nne za marais zilizochongwa mwambani kati ya 1927 na 1941. Usiishie hapo. Endelea mpaka karibu na mji wa Custer, uone mlima mwingine unaochongwa sura ya shujaa wa Kilakota, Crazy Horse. Kazi ilianza 1948 na mpaka leo haijakwisha. Uso peke yake ulikamilika 1998. Hapo ndipo ngoma na hotuba za sikukuu ya Oktoba hufanyika, ingawa wapo Walakota wanaouliza ni heshima gani hiyo ya kulipua mlima mtakatifu kwa baruti. Mimi naona swali lao lina uzito.

Sasa sikia kisa cha pesa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wenyeji hao walistahili kulipwa kwa vilima vyao, na fidia pamoja na riba ikafika zaidi ya dola milioni 100. Walakota wakakataa kuzichukua. Walisema vilima haviuzwi, na anayepokea bei amekubali kuuza. Fedha hizo zimekaa zikizaa hadi kupita dola bilioni moja, na Pine Ridge ingali miongoni mwa sehemu maskini kabisa nchini humo. Hebu fikiria, msomaji, ni wangapi kati yetu tungeweza kuzikataa huku watoto wakilala njaa?

Siidharau sikukuu yao. Mtoto wa Kilakota anayekaa nyumbani siku hiyo anajua ni kwa heshima ya nani. Lakini sikukuu haikuigharimu serikali hata ekari moja.

Sasa geuza gari, uviache vilima na kuelekea kusini-mashariki mpaka Pine Ridge, eneo walilotengewa Walakota. Miti inapungua, nyasi na upepo vinabaki. Huko Wounded Knee, juu ya kilima kidogo, utakuta makaburi. Desemba 29, 1890, askari wapanda farasi waliwamiminia risasi watu wa Chifu Spotted Elk, wengi wao wanawake na watoto. Inakadiriwa kwamba walikufa kati ya 250 na 300, na wengi walitupwa katika kaburi moja la pamoja. Askari wapatao 20 walituzwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Mwaka 1990, mwaka uleule wa sikukuu, Bunge la Marekani lilieleza masikitiko yake makubwa kwa mauaji hayo, nishani hazikuguswa. Mwaka 2025 mkuu wa wizara ya ulinzi, Pete Hegseth, alitangaza kwamba hazitaondolewa.

Ardhi ile ya mauaji ilikaa miaka mingi mikononi mwa watu binafsi. Mwaka 2022 makabila mawili, Oglala na Cheyenne River, yalikubaliana kuchanga na kununua ekari 40 mahali hapo. Bei ilikuwa dola 500,000.